VITUNDU KATIKA MSHONO, NA MSHAHARA WETU

Ndugu wafanyakazi,

Safari hii twasema na mafundi wa kuchomelea vyuma. Lakini na ninyi wengine msome, kwa maana jambo lenyewe ni la kila mtu aliye na mshahara wa kukatwa.

Imeingia desturi mbaya katika karakana zetu. Fundi amemaliza mshono wake, amegonga slagi, na chini yake vimetokea vitundu, vingine vidogo kama kichwa cha pini, vingine kama punje ya mtama. Nyapara anakuja na chaki, anavizungushia duara. Haulizi neno. Anaandika namba ya fundi katika kitabu chake, na mwisho wa mwezi karatasi ya mshahara imepungua, pembeni imeandikwa "kazi mbovu". Vikitokea mara ya pili ni barua ya onyo. Mara ya tatu ni lango.

Sisi twasema desturi hii ni dhuluma, tena ni ujinga. Ni dhuluma kwa sababu mtu anahukumiwa kabla ya kuulizwa. Ni ujinga kwa sababu vitundu haviogopi chaki. Fundi wa kwanza atafukuzwa, atakuja wa pili, naye atapewa rodi zile zile zilizoshika unyevu, mashine ile ile na chuma kile kile chenye rangi na mafuta, na vitundu vitatokea pale pale. Hebu tuvitazame vitundu vyenyewe, tujue vinatoka wapi, ndipo tuseme ni nani wa kulipa.

KITUNDU NI NINI?

Kitundu ni gesi iliyonaswa ndani ya chuma. Kata andazi lililoumuka vizuri, utaona vyumba vyumba ndani yake. Ni gesi ya hamira iliyokosa njia ya kutokea unga ulipoiva. Mshono nao ni vivyo hivyo. Chuma kikiyeyuka hunywa gesi nyingi. Kikianza kuganda hakiwezi tena kuishika yote, basi huitapika. Gesi ikipata nafasi hutoka juu, na mshono huwa mzima. Chuma kikiganda kabla haijatoka, hubaki ndani, na hapo ndipo kitundu.

Gesi hiyo haitoki katika moyo wa fundi. Inatoka mahali panapojulikana. Maji yaliyomo katika ganda la rodi, na mafuta, grisi na rangi iliyo juu ya chuma, vyote huvunjwa na moto vikatoa haidrojeni. Kutu nayo hushika maji, na oksijeni yake ikikutana na kaboni ya chuma hutoa gesi. Hewa ya nje huingia na naitrojeni yake pale moto unapokuwa mrefu au upepo unapopeperusha kinga ya rodi. Zinki ya chuma cha mabati huchemka na kuwa mvuke. Vyuma vyenye salfa nyingi, kama vile vilivyotengenezwa ili vichongeke upesi katika lathi, navyo hutoa vitundu.

Hesabuni basi: maji, mafuta, rangi, kutu, hewa, zinki, salfa. Uvivu haumo katika hesabu hiyo. Uvivu waweza kumfanya mtu asipige brashi, hilo twalikubali, na tutalisema mbele. Lakini anayetaka kuviondoa vitundu lazima aitafute gesi, na gesi haitafutwi katika kitabu cha nyapara.

WALIOTUTANGULIA WALIFANYA NINI?

Kazi hii ilipoanza, rodi hazikuwa na ganda. Mrusi Nikolay Slavyanov alianza kuchomelea kwa rodi ya chuma inayoyeyuka mwaka 1888. Rodi ilikuwa uchi, na hewa iliingia katika chuma cha moto bila kizuizi. Mishono ilikuwa na vitundu, tena ilivunjika upesi. Hata fundi hodari kabisa hakuweza kuizuia hewa kwa mkono wake.

Mwanzoni mwa karne ya 20 Msweden mmoja, Oscar Kjellberg, aliyeanzisha kampuni ya ESAB mjini Göteborg mwaka 1904, alikuwa akitengeneza meli na maboila, na shida ile ile ilimsumbua. Akaifunika rodi kwa ganda la unga, ambalo likiungua hutoa moshi wa kuikinga na hewa, na slagi ya kukifunika chuma kinapoganda. Hilo ndilo ganda tulijualo leo katika kila rodi.

Angalieni dawa aliyoitafuta. Hakuwakata mafundi mishahara mpaka vitundu vikome. Alibadili rodi. Zaidi ya miaka 100 imepita, na bado kuna mabwana katika karakana zetu ambao somo hilo halijawafikia.

TUANZIE STOO

Hapa ndipo penye siri kubwa, na ndipo nyapara asipopeleka chaki yake.

Ganda la rodi hunywa maji kutoka hewani kama chumvi inywavyo. Pwani, kule Changamwe na Kilindini, hewa ina unyevu mwaka mzima. Kisumu kuna ziwa. Nairobi kuna mvua za Machi hadi Mei, na za Oktoba hadi Desemba. Sasa ingieni katika stoo za matajiri wengi. Katoni za rodi zimewekwa juu ya sakafu ya simiti, zimeegemezwa ukuta, na bati la juu linavuja. Paketi imefunguliwa wiki iliyopita, nusu imebaki, mdomo wazi. Asubuhi karani anampa fundi konzi ya rodi, na fundi akisema "hizi zimeshika maji", anajibiwa, "Wewe chomelea, rodi ni rodi."

Hapana. Rodi si rodi. Za 7018 ni rodi za haidrojeni kidogo, na hutumiwa mahali pa nguvu: chasi za malori, nguzo za majengo, vyombo vya kubeba mzigo. Kanuni za Marekani za kuchomelea chuma cha majengo, zijulikanazo kama D1.1, ambazo hutumiwa hata nje ya Marekani, zasema hivi. Rodi hizi zikitoka katika kopo lililofungwa ziwekwe katika tanuri lenye joto lisilopungua digrii 120 za Selsiasi. Zikiwa nje ya tanuri, zile za kawaida zisikae hewani kupita muda wa saa nne. Zikipita, zirudishwe tanurini zikaokwe kwa digrii 260 hadi 430 kwa muda usiopungua saa mbili, na kuoka huko ni mara moja tu. Zilizolowa maji zitupwe.

Muda wa saa nne! Na sisi twapewa rodi zilizokaa wazi wiki nzima, kisha twaulizwa vitundu vimetoka wapi.

Wengine hutuonyesha friji kuukuu lenye taa ndani, wakasema hilo ndilo tanuri. Twawaambia wazi: taa husaidia rodi kavu isishike unyevu, na hilo ni jema kuliko sakafu. Lakini joto la taa haliwezi kuirudishia ukavu rodi ya 7018 iliyokwisha kunywa maji. Tanuri ni tanuri, lina joto la kupimwa.

Tena kila rodi ina tabia yake. Ya 6013 ni mvumilivu, lakini nayo ikilowa huhitaji kukaushwa kwa joto dogo, kama paketi inavyoagiza. Za 6010 na 6011 ni kinyume kabisa: ganda lake limetengenezwa liwe na maji kidogo ndani, na ukiziweka tanurini pamoja na 7018 umeziharibu. Karani wa stoo asiyefundishwa haya hana kosa. Mwenye kosa ni aliyempa ufunguo bila kumpa mafunzo.

Namna ya kuijua rodi yenye unyevu si ngumu. Gonganisha rodi mbili: kavu hulia kwa sauti kali, yenye maji sauti yake ni nzito. Tazama ganda: pengine utaona unga mweupe kama chumvi, au kutu kwenye ncha isiyo na ganda. Iwashe: hulia pa! pa! na kurusha cheche kuliko kawaida. Ukiona hayo, weka chini rodi hiyo, mwite mwakilishi wa chama, naye aione kabla hujaendelea.

CHUMA CHENYEWE

Mshono mzuri hutaka chuma cheupe kinachong'aa, na kisafishwe sentimita mbili na nusu hivi kila upande wa kiungo. Mafuta yafutwe kwanza, kisha grainda na brashi ya waya. Ukipiga grainda juu ya grisi unaisambaza tu.

Nani asiyejua haya? Kila aliyefanya mtihani wa Gredi ya Tatu ayajua. Lakini angalieni mambo yanavyokwenda. Grainda ni moja kwa mafundi sita. Diski zimekwisha tangu juzi. Brashi imebaki mbao bila waya. Nyapara amesimama na saa, ataka geti tatu kabla ya chakula. Fundi akisimama kusafisha anaambiwa anapoteza wakati. Akichomelea juu ya rangi anaambiwa ameharibu kazi. Anakatwa huku na huku kama muwa.

Na zinki je? Chuma cha mabati na mabomba ya maji yamepakwa zinki. Zinki huchemka kwa digrii 907 hivi, na chuma hakiyeyuki mpaka kifike karibu 1,500. Basi kabla chuma hakijawa maji, zinki imekwisha kuwa mvuke, na mvuke huo hupita katika mshono ukiacha vitundu kama njia za mchwa. Dawa ni kuiondoa zinki kwanza kwa grainda mahali pa kiungo.

Lakini mvuke ule haukomei katika mshono. Huingia kifuani. Usiku ule ule fundi hutetemeka kwa baridi, hupata homa, mwili wote wamuuma, ataka maji. Jirani humwambia ni malaria. Ni homa ya moshi wa zinki. Na tajiri anatoa dawa gani? Paketi ya maziwa! Ndugu zetu, maziwa ni chakula kizuri, kunyweni. Lakini maziwa huenda tumboni, na moshi huenda mapafuni. Mwaka 2017 wataalamu wa IARC, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, walikata shauri ya kuwa moshi wa kuchomelea huleta saratani kwa binadamu. Paketi ya maziwa haitoshi mbele ya neno hilo. Twataka feni ya kuvuta moshi, mahali penye hewa, na kinga ya pua ya kazi hiyo, si kitambaa cha kufungia uso.

Jambo jingine la hatari. Ukifunga chombo pande zote, hewa iliyo ndani hupata moto, hutafuta njia, na hutokea katika sentimita ya mwisho ya mshono wako. Utaijaza mara kumi, na mara kumi itapuliza tundu. Toboa shimo dogo la kupumulia, uliziba baadaye. Na kama ni pipa au tangi lililowahi kuwa na petroli, usiliguse mpaka lisafishwe kabisa na mtu ajuaye, hata nyapara akipiga kelele. Hapo si habari ya vitundu tena, ni habari ya mazishi.

MASHINE

Mashine nyingi tunazotumia zimeundwa hapa hapa, na waliozitengeneza ni mafundi wenzetu, twawaheshimu. Lakini mashine ndogo ya umeme wa AC yenye volti chache za kuwashia haiwezi kuishika 7018, ambayo kwa umeme huo hutaka volti 70 hivi au zaidi. Moto hukatika, fundi hulazimika kuuvuta mrefu, hewa huingia, vitundu hutokea. Mashine za DC nazo zina pande mbili: 7018 hutaka rodi iwe upande wa chanya. Nyaya zikibadilishwa usiku na shifti nyingine bila kuandika, fundi wa asubuhi huvuna vitundu asivyovipanda.

Tena kuna klampu iliyolegea, waya uliochubuka na kuungwa kwa matambara, na kitufe cha ampea kilichovunjika kikabaki mahali pamoja. Rodi ya geji 10, ile ya milimita 3.2, hutaka ampea 90 hadi 130 hivi ikiwa ni 6013, na zaidi kidogo ikiwa ni 7018. Ampea zikipungua sana, chuma huganda upesi na gesi haipati kutoka. Zikizidi sana, rodi huwa nyekundu, ganda lake huharibika kabla halijafanya kazi. Fundi asiye na kitufe ataziweka kwa nini? Kwa sala?

YALIYO YA MKONO

Sasa tuseme ukweli hata ule usiotupendeza, maana chama hakijengwi kwa kudanganyana. Kuna vitundu vitokavyo mkononi, na fundi lazima avikubali.

Moto mrefu ni wa mkono. Nafasi kati ya ncha ya rodi na chuma isizidi unene wa waya wa rodi, na kwa 7018 iwe fupi zaidi. Kuanza vibaya ni kwa mkono: washa mbele kidogo ya mwanzo wa mshono, rudi nyuma upesi, kisha uende mbele ukipita juu ya pale ulipowasha, payeyuke upya. Kuiwasha tena 7018 iliyovunjika ganda nchani, bila kuisawazisha, ni kwa mkono. Kukimbia ni kwa mkono. Kuuondoa moto ghafula mwisho wa mshono, ukaacha shimo bila kulijaza, ni kwa mkono.

Dawa ya hayo ni mafunzo. Kijana aliyeletwa jana kama kibarua akapewa ngao ya uso na kuambiwa "fanya kama yule" hakufundishwa. Na ninyi mafundi wakubwa mnaomficha kijana ujuzi ili asiwapite, mnampa nyapara chaki ya kuwaandikia wote wawili.

SOMENI VITUNDU

Kila mwanachama akate sehemu hii, aibandike karibu na meza yake.

1. Vitundu mwanzoni tu mwa mshono, kwingine kuzima: tazama namna ya kuwasha, na ncha ya rodi.

2. Vitundu mshono mzima, kwa rodi kila moja, kwa mafundi wote: ni rodi au chuma. Chukua rodi ya paketi mpya kavu, chomelea kipande kile kile. Vikikoma, ni stoo.

3. Vikibaki, safisha kipande mpaka king'ae, jaribu tena. Vikikoma, ni uchafu. Vikibaki bado, jaribu chuma kingine. Pengine cha kwanza kina salfa au hakijulikani asili yake.

4. Vitundu virefu kama minyoo: tafuta unyevu mwingi, zinki, au hewa iliyofungiwa ndani ya kiungo.

5. Vitundu mahali pamoja tu, kila mara: tafuta rangi au mafuta yaliyojificha katikati ya bamba mbili, au upepo wa mlangoni.

6. Vitundu kwa mashine moja, mashine nyingine hapana: hakuna haja ya kumtafuta mchawi. Ni mashine.

7. Vitundu kwa fundi mmoja tu, rodi zile zile, chuma kile kile, mashine ile ile: ni mkono. Afundishwe.

Badili kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukibadili vitatu pamoja na vitundu vikakoma, hujui ni kipi kilichoviponya, na kesho vitarudi.

SI KILA KITUNDU NI KAZI MBOVU

Kanuni zile zile za D1.1 hazisemi ya kuwa kitundu kimoja kimeharibu mshono. Kwa mishono mingi ya pembeni katika majengo yasiyotikisika, hupima vitundu vinavyoonekana vya milimita moja au zaidi, wakajumlisha upana wake: isizidi milimita 10 katika kila milimita 25 za mshono, wala milimita 20 katika kila milimita 300. Kwa mshono wa kuunganisha bamba mbili ncha kwa ncha, unaovutwa na mzigo kukingama nao, kitundu cha namna hiyo hakiruhusiwi hata kimoja.

Mnaona? Kuna kipimo, nacho hutegemea kazi yenyewe. Nyapara anayezungushia chaki geti la dirisha na ndoano ya trela kwa ukali mmoja hana kipimo, ana hasira. Twataka rula, na twataka kipimo kiandikwe kabla ya kazi kuanza.

Lakini wale wenye mazoea ya kupitisha mshono wa juu kuvifunika vitundu, au kuvipaka kitu na kupiga rangi, wasikie pia. Kitundu kilichofunikwa hakijapona. Chimba mpaka chuma kizima, ndipo ujaze upya. Tena unyevu ule ule ulioleta vitundu huacha haidrojeni ndani ya chuma, na chuma kigumu au kinene chaweza kupasuka muda wa saa nyingi baada ya kupoa, hata siku mbili, fundi akiwa nyumbani analala. Trela itakayopasuka mteremko wa barabara ya Mombasa haitauliza ni nani aliyekatwa mshahara. Watakaokufa ni dereva na turnboi wake, wafanyakazi kama sisi.

SHERIA YASEMAJE?

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, inataja makato ambayo mwajiri aweza kuyafanya katika mshahara. Kwa mali yake iliyoharibiwa, inamruhusu kukata kiasi cha haki pale uharibifu ulipotokana na kosa la kukusudia la mfanyakazi. Someni tena: LA KUKUSUDIA. Fundi aliyepewa rodi ya maji hakukusudia kitundu. Kifungu hicho hicho chasema makato yote pamoja yasizidi theluthi mbili za mshahara.

Kifungu cha 41 chasema kabla ya kumwachisha mtu kwa utovu wa nidhamu au kwa kazi isiyoridhisha, mwajiri amweleze sababu kwa lugha anayoifahamu, na mfanyakazi ana haki ya kuwa na mwenzake au mwakilishi wa chama mahali pa kazi. Naye mfanyakazi asikilizwe. Na Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 41, yampa kila mfanyakazi haki ya malipo ya haki, ya mazingira ya kazi yanayofaa, na ya kujiunga na chama.

Basi asiwepo wa kutuambia ati twaomba hisani.

TUNAYOYATAKA

1. Makato ya "kazi mbovu" kwa ajili ya vitundu yakome mara moja, na yaliyokatwa bila uchunguzi yarudishwe.

2. Kila karakana inayotumia 7018 iwe na tanuri lenye kipimo cha joto, na kila stoo iwe na rafu zilizoinuka kutoka sakafuni.

3. Paketi iandikwe siku na saa iliyofunguliwa.

4. Muda wa kusafisha chuma uhesabiwe kuwa ni muda wa kazi. Grainda, diski na brashi zitoshe mafundi.

5. Mashine, nyaya na klampu zikaguliwe kila mwezi, na ukaguzi uandikwe.

6. Feni za moshi na kinga za pua zipatikane, hasa penye zinki.

7. Vitundu vikitokea, uchunguzi ufanywe mbele ya fundi na mwakilishi wa chama, kwa ile hesabu ya mambo saba tuliyoiandika hapo juu.

8. Anayeonekana kukosa kwa mkono apewe mafunzo kabla ya kupewa onyo.

Mabwana watasema haya ni gharama. Nasi twawauliza: mshono unaochimbwa na kurudiwa mara tatu, rodi zake, umeme wake, saa zake, nani azilipa? Mteja anayerudisha trela, nani amlipa? Tanuri hununuliwa mara moja. Vitundu mnavilipia kila siku, kisha mnatafuta mfuko wa fundi wa kuvisawazisha.

LA KUFANYA TANGU SASA

Kila fundi awe na daftari dogo. Kila vitundu vinapotokea aandike siku, saa, aina ya rodi, paketi ilifunguliwa lini, namba ya mashine, chuma kilikuwa na nini juu yake, na nani aliambiwa. Usigombane na nyapara. Andika mbele yake. Mwisho wa wiki mpe mwakilishi wa chama aone. Daftari kumi za mafundi kumi, zote zikisema "rodi zilikuwa wazi tangu Jumatatu", haziwezi kuitwa uvivu wa mtu mmoja. Hizo ndizo tutakazoziweka mezani siku ya kuzungumza na mwenye kazi, na ikibidi, mbele ya afisa wa kazi na Mahakama ya Kazi.

Asiye na kadi ya chama aje aichukue. Aliye nayo alipe ada yake. Fundi mmoja akisema rodi ina maji, huambiwa ni mkaidi. Karakana nzima ikisema, tanuri litanunuliwa.

UMOJA NI NGUVU.